Bundi ni yule yule: huku sanduku, kwetu mawe

Nilituma picha ya bundi kwenye kikundi cha familia. Kabla sijaweka simu chini, shangazi wa Njoro, kwetu Kenya, akajibu: "Ushindwe! Toa hiyo kitu." Wengine wakafuata na maombi.

Hapa Lincolnshire, Uingereza, jirani yangu mkulima ndiye aliyeniita nje jioni, kwa kunong'ona, nimwone bundi akiwinda juu ya shamba. Amemtundikia sanduku la mbao la kutagia ghalani. Kwa sheria ya mwaka 1981, kumsumbua akiwa kiotani ni kosa la kukupeleka kortini.

Kinachoniuma ni kwamba ni bundi yule yule wa kwetu. Uso mweupe wenye umbo la moyo, mabawa yasiyotoa sauti. Yuko Njoro, yuko Lanet, analala kwenye dari za makanisa, na watoto wanamlenga kwa mawe huku wazazi wakiwashangilia.

Jirani alinipa kidonge kimoja kilichotapikwa na bundi, maana humeza panya mzima kisha hutema manyoya na mifupa. Nilikipasua juu ya gazeti, nikatoa fuvu baada ya fuvu, meno ya manjano bado yamekaa. Mama kila msimu analia magunia yametobolewa, na mwenye dawa tunamfukuza!

Najua mtasema: amekula mkate wa Wazungu, sasa sisi ni washamba. Hapana. Hata hawa, hadi karne ya 19, walikuwa wanampigilia bundi misumari kwenye mlango wa ghala kufukuza mikosi. Waliacha. Na kwetu wenye macho wapo: upande wa Nyeri kuna wakulima wanaolinda bundi wa Mackinder, na watalii wanalipa kuwaona.

Dunia ina spishi zaidi ya 200 za bundi. Yuko wa Arizona, gramu 40 hivi, anayetaga kwenye tundu alilotoboa kigogota ndani ya mpungate. Yuko wa Hokkaido anayevua samaki katikati ya theluji, mabawa yakikaribia mita 2. Lakini kwa nini niende mbali? Kwenye migunga ya Ziwa Nakuru kuna bundi mkubwa mwenye kope za rangi ya waridi, wageni wanalipa dola getini kumpiga picha. Na kale kabundi ka msitu wa Arabuko-Sokoke, duniani kote kako pwani yetu na Usambara, Tanzania, basi.

Mtanijibu kwamba bundi alilia juu ya paa wiki ile babu alipofariki. Alilia, hata mimi nilimsikia. Babu alikuwa na kisukari miaka mingi, na hospitalini tukaambiwa tukanunue dawa nje.

Mahindi yakivunwa, natuma pesa ya mbao na ya fundi. Sanduku litundikwe kwenye stoo ya mama, juu kabisa, mlango uelekee shambani. Mwenye kunitukana anitukane kwenye kikundi, ila mawe ayaache chini.