Mnaocheka "piga", mbona "get" hamuicheki?

Kwenye mkutano mmoja wa wazazi hapa Kampala, mzazi alisimama kupinga Kiswahili kufundishwa shuleni. Hoja yake: ni lugha maskini. "Piga simu, piga picha, piga pasi, piga kura, kila kitu piga!" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka, na hasira haijanitoka.

Mbona "get" hatuiiti maskini? Ukipokea barua, get. Ukifika nyumbani, get. Ukiugua, get. Ukielewa, get. Ibandike "up", umeamka, "over", umepona, "by", unajikimu, "away", umeponyoka. Watoto wetu wa darasa la saba wanayakariri haya usiku kwa ajili ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na hakuna mzazi anayecheka. Tena neno lenyewe Waingereza walilipata kwa wahamiaji kutoka Skandinavia. Na "set" je? Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la 1989, liliipa maana zipatazo 430. Neno fupi likibeba mengi kwa Mwingereza ni utajiri, kwa Mswahili ni ufukara? Sikubali.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wengi waliocheka ni Waganda, wasemaji wa Kiganda. Ndugu zangu, ninyi mnasema okukuba essimu. Mnasema okukuba ekifaananyi. Siku ya uchaguzi mnakwenda okukuba akalulu, na mwizi akivamia mnakuba enduulu. Okukuba si kupiga? Simu, picha, kura, yowe, yote kwa kitenzi kimoja, sawasawa na Kiswahili, maana lugha hizi ni za ukoo mmoja. Mtoto wa Masaka anaingia darasani "piga" akiwa nayo tayari kichwani, amevaa tu nguo ya Kiganda. "Get" ndiyo anayoianza kwenye sifuri, na bado anaiweza. Sasa ugumu wa Kiswahili uko wapi?

Nakubali jambo moja, kwa shingo upande. Wazee wengi "piga" waliisikia kinywani mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani, wala haikuwa ya simu. Rais Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa familia nyingi Kiswahili cha bunduki ndicho pekee walichokijua. Siwezi kumwambia jjajja, yaani babu au bibi, aliyeporwa mbele ya wanawe asahau. Lakini mjukuu wake tunamrithisha hofu hiyo ya nini?

Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likaridhia kiwe somo la lazima. Walimu hawatoshi, ni kweli.

Ila mwalimu aliyepo asianze na ngeli. Aandike okukuba upande mmoja wa ubao, piga upande wa pili, kisha awape watoto chaki wajaze wenyewe.