Masters haina pointi, na ndo raha yake

Kila Januari ikikaribia lazima atokee mtu aniambie eti Masters ya snuka, ule mchezo wa kuzamisha mipira ya rangi mezani kwa fimbo, ni bonanza tu, hakuna pointi za renki, wakubwa wanaalikwa wanagonga gonga mipira wanachukua hela wanarudi makwao. Kwenye pointi yuko sahihi. Hata ukibeba kombe na zile pauni 350,000 alizoondoka nazo Shaun Murphy 2025, kwenye renki husogei hata nafasi moja. Ila bonanza? Hapo tutagombana.

Angalia kwanza mlango wenyewe ulivyo mwembamba. Wanaingia 16 basi. Hakuna mchujo, na zile kadi za kuingiza mtu kwa upendeleo zilikuwepo zamani zikafutwa, bora zibaki hukohuko kaburini. Yale mashindano mengine makubwa ya UK Championship yakiisha Desemba wanaangalia renki, yaani hela ulizoshinda miaka miwili ya nyuma, ukiwa wa 16 unapanga safari ya Alexandra Palace pale London, ukiwa wa 17 unaangalia kwenye tivii kama mimi na wewe. Na huyo wa 17 usimdharau aisee. 2025 gwiji Ronnie O'Sullivan alijitoa kwa sababu za kiafya mashindano yakiwa yamekaribia kabisa, unajua nani akaitwa kuziba pengo? Neil Robertson. Mtu aliyelibeba kombe hilohilo 2012 na tena 2022 alikuwa amefungiwa nje! Sasa bonanza gani hiyo inamwacha mtu wa aina hiyo nje?

Kitu kingine ambacho watu hawakisemi sana ni meza. Pale ukumbi wa Crucible kwenye ubingwa wa dunia meza zinakuwa mbili na kizuizi katikati mpaka mfike nusu fainali, kwahiyo unaweza kupigwa raundi ya kwanza kimya kimya nusu ya ukumbi ikiwa inaangalia wengine. Masters ni meza moja tangu mechi ya kwanza. Umekaa kwenye kiti chako na glasi ya maji, mwenzio anazamisha mpira mmoja baada ya mwingine, macho ya ukumbi mzima yako hapo na huna pa kujificha. Halafu ni mechi ya kufika fremu 6 tu, fremu ni kama seti moja ya mchezo, ukianza na usingizi unashtuka umeshakuwa nyuma 4-0 wanaenda mapumziko.

Mimi nikitaka kumwonyesha mtu presha ya Masters namrudisha fainali ya 2000. Ken Doherty anacheza na Matthew Stevens, kaingiza nyekundu zote 15, kila nyekundu na nyeusi yake, kaja kwenye rangi, njano, kijani, kahawia, bluu, pinki, zote zimezama, imebaki nyeusi moja iko kwenye doa lake palepale, akiitia ni 147, ile alama kamili ya zamu moja, na gari la zawadi linamsubiri. Mpira ambao kwenye mazoezi angeuzamisha huku anaongea na simu. Akaukosa!! Na fainali yenyewe Stevens akachukua 10-8. Huyo Doherty alishakuwa bingwa wa dunia 1997, sio mtoto, na bado mkono ulimsaliti.

Na Paul Hunter je? Fainali tatu, 2001, 2002 na 2004, zote kashinda 10-9, na zote alianza kwa kuachwa mbali. Ile ya 2004 alikuwa nyuma 7-2 dhidi ya O'Sullivan, na wewe mwambie mtu yeyote anayejua snuka kwamba uko nyuma 7-2 kwa O'Sullivan uone atakavyokupa pole. Alifariki 2006 kwa kansa, hata miaka 28 hajafika. Tangu 2016 kombe linaitwa kwa jina lake, na kwakweli sidhani kama kuna jina lingine lingelifaa.

Nakiri mashindano ya kualikwa sio yote yana uzito huu. Yale ya Riyadh yalipoanza 2024 walileta mpira wa dhahabu wa pointi 20, ukishamaliza 147 ndo unaruhusiwa kuujaribu ufike 167. Sawa ni burudani, siwabishii, ila ukiwa na shindano lililoanza 1975 huhitaji kupaka kitu dhahabu ili watu waangalie. Wakija kuuweka mpira ule Alexandra Palace nitaandamana peke yangu hapa sebuleni.

Wapo pia wanaotaka wachezaji wawe 32 eti vijana wapate nafasi. Vijana wana mashindano kibao msimu mzima, waende wakashinde huko waingie 16 bora. O'Sullivan mwenyewe alilibeba 1995 akiwa na miaka 19, na la nane akalichukua 2024 akiwa na 48, mlango ni uleule.

Safari hii usisubiri fainali. Kaa uangalie raundi ya kwanza, ni mechi mbili kwa siku, na mwangalie hasa yule aliyeponea kwenye nafasi ya 15 au 16, mara nyingi anakuja hana cha kupoteza, na huwa kuna kigogo mmoja anafungashwa virago kabla hata hujajua ratiba vizuri. Mwaka huu nakisia atakuwa yule ninayemshabikia mimi, kama kawaida.