Tambi za Pauni 14 na Nusu

Mimi ni dereva wa basi hapa London, mwaka wa 14 huu, na msidhani nalipwa kwa kuendesha. Nalipwa kwa kununiwa. Basi likichelewa dakika sita, abiria anapanda kafura kama andazi, anaibamiza kadi yake kwenye mashine kana kwamba mashine ndiyo iliyochelewa, kisha ananitupia jicho ambalo hata mama mkwe hajawahi kunitupia. Dakika sita! Sasa nenda Soho Jumamosi jioni, kwenye mkahawa wa ramen ambao binti yangu anasema "unavuma sana". Utawakuta abiria walewale wamejipanga kwenye manyunyu, dakika 55, wanacheka. Wanapigana picha na mlango.

Nilikuwamo kwenye foleni hiyo. Binti alikuwa katimiza miaka 17, nikamuuliza anataka nimpeleke wapi. Roho yangu ilikwisha kumwelekeza kwa yule muuza kuku wa hapa East Ham, tule familia nzima, tujilambe vidole, turudi kwa miguu. Akasema ramen.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Tambi, Baba. Tambi kwenye supu."

Mimi ni mtu wa Tanga. Tambi kwetu ni za futari: unazikaanga kidogo mpaka zibadilike rangi, unatia tui, sukari, iliki, na zabibu kama mwezi haujakubana. Kuniambia tambi zimezamishwa kwenye supu ya mifupa ni sawa na kuniambia kaimati zimepikiwa dagaa. Lakini siku ya kuzaliwa ni ya mwenyewe, nikanyamaza.

Mlangoni kuna kijana kashika kishkwambi. Meza haziwekwi kwa simu, anayetaka aje asimame. Wangapi? Wawili. Dakika 40 hivi. Hizo dakika 40 zake ni ndugu wa damu na "nipo njiani" ya mtu wa Dar ambaye bado anatafuta soksi.

Tulipoingia nikadhani ujenzi haujaisha. Kuta ni saruji tupu, nyaya zinaning'inia, mabomba yako nje. Kwetu ukimwona mtu kahamia nyumba kama ile unajua pesa ya lipu ilimwishia, unampa pole. Hapa ndiyo fasheni. Viti ni stuli ndefu zisizo na mgongo, mtu mzima unakaa miguu ikielea kama mtoto wa chekechea. Koti halina pa kuliweka, nikalikalia. Muziki unapiga mpaka maji yanatetemeka kwenye glasi. Menyu nayo hakuna. Kuna mraba wa madoadoa umebandikwa mezani, uuskani mwenyewe, uagize mwenyewe, ulipe mwenyewe. Nikatafuta na ndoo, labda tunaosha vyombo wenyewe pia.

Tukaanza kusoma kwenye simu. Inayosifiwa inaitwa tonkotsu, mifupa inachemshwa kwa muda wa saa 12 na zaidi mpaka supu inakuwa nyeupe kama maziwa. Moyo ukanifunguka. Nikamwambia binti, haya si makongoro haya! Mtu anakesha na sufuria, hicho ndicho chakula ninachokijua. Akaninong'oneza: "Baba, ni mifupa ya nguruwe." Makongoro ya kitimoto, basi. Nikayarudisha mate yangu kwa adabu. Tukaishia kwenye ramen ya uyoga na mwani, pauni 14 na nusu. Ukiigeuza shilingi ya nyumbani inakaribia 50,000, lakini msifanye hesabu hizo mkiwa mmekaa kwenye stuli ndefu, mtaanguka. Yai halimo, linanunuliwa peke yake, pauni mbili na nusu. Yai moja, limepasuliwa katikati. Tanga kwa pesa hiyo nakaribia kuondoka na trei.

Tukisubiri, binti akaanza kunifundisha. Watoto wa siku hizi wakila kitu lazima wakijue ukoo wake. Tambi hizi zililetwa Japani na Wachina waliohamia miji ya bandari kama Yokohama. Mwaka 1910 kukafunguliwa duka la ramen Asakusa, Tokyo, likavuma, likapikia watu wa kawaida wa mjini. Na zile za pakiti tunazompikia mdogo wake zilibuniwa na Momofuku Ando mwaka 1958. Nikamwambia sawa, nimeheshimu, lakini huyo wa 1910 sidhani kama alimtenganisha mtu na yai lake.

Jambo moja tu lilinigusa. Nikauliza mbona tambi ni za manjano na hazina mayai? Akasoma: unga unakandwa na maji ya chumvichumvi fulani, kansui, sodiamu kaboneti na potasiamu kaboneti, ndiyo yanayozipa rangi na kuzifanya zivutike. Nikacheka peke yangu. Magadi! Bibi yangu alikuwa akitia magadi kwenye maharage, na kila mtu akimlaumu. Kumbe alizaliwa tu upande usiofaa wa bahari.

Bakuli likaja. Zuri, nisiwe mwongo. Zito, jeusi ndani, jekundu nje. Tambi zimekunjwa upande mmoja kama nywele zilizochanwa, uyoga umepangwa, nusu mbili za yai kiini chake kama asali, na karatasi ya mwani imesimama pembeni kama bango la uchaguzi. Binti akanizuia mkono. Picha kwanza. Ya juu, ya ubavu, ya mkono wangu umeshika vijiti (nilishika kama mtu anayetoa mwiba). Nikachota, nikapuliza kwa mazoea, nikanywa.

Vuguvugu.

Jamani. Mimi nimesamehe mengi. Nimesamehe mvua, nimesamehe stuli, nimesamehe yai. Lakini supu inadaiwa kitu kimoja tu na binadamu, iwe ya moto. Supu ya alfajiri kwetu inakuja inatokota, unakamulia ndimu, unaweka pilipili, ukimeza ya kwanza machozi yanatoka na unamkumbuka kila aliyekukosea. Hii nilimeza nikamkumbuka daktari wa meno, anavyokwambia usukutue.

Hapohapo akapita mhudumu, msichana mwenye tabasamu: kila kitu sawa?

Nikasema: "Nzuri sana, asante."

Msinicheke. Pwani nimelelewa kwamba aliyekaribishwa halalamikii chakula mbele ya sahani. Atalalamika kwake, mlango umefungwa. London nayo ikanikuta hivyo na kunizidishia, maana wenyeji ndivyo walivyo: wataletewa mguu wa meza kwenye sinia, watasema lovely. Kwa hiyo mimi nina ustaarabu wa mataifa mawili na tumbo moja. Nilianza kulalamika Tottenham Court Road, kwenye treni, na binti akatia vile vidude masikioni kabla hatujafika Whitechapel.

Ingekuwa imeisha, lakini shemeji akaja. Kaka wa mama watoto, kutoka Tanga, wiki tatu. Binti akasema lazima mjomba aione ramen. Nikasema mjomba kaja kuiona London. Kura zikapigwa, nikashindwa tatu kwa moja.

Shemeji alisimama kwenye foleni dakika kumi, akauliza kuna msiba? Tulipoketi akauliza mbona hawajapiga lipu. Bakuli lilipokuja akalizungusha mara mbili, akaniuliza kwa upole, "Shemeji, tambi hizi sukari yake iko wapi?" Nikamweleza. Akanitazama vile unavyomtazama ndugu aliyekaa ughaibuni sana. Akavitazama vijiti, akaviweka kando, akalinyanyua bakuli kwa mikono miwili, akanywa.

Akaliweka chini. "Imepoa."

"Ndivyo ilivyo," nikasema.

"Mwambie airudishe jikoni."

Binti akajifunika uso na menyu, halafu akakumbuka hakuna menyu. Mhudumu naye huyo, kila kitu sawa? Shemeji akanigeukia: mwambie imepoa, na alete ndimu, na pilipili, na chapati mbili. Nikamwambia mhudumu, kwa Kiingereza safi, kwamba mgeni wangu kafurahi mno, ni nice sana, asante. Msichana akaondoka anang'aa.

"Shemeji," jamaa akasema, "mimi nimefika kidato cha nne. Nice naijua."

Nilijikaza kama mtu aliyebanwa na kiatu kipya. Halafu ikaja bili, akaitaka aione, mtu wa hesabu yule, ana duka la vifaa vya ujenzi. Kidole kikasimama kwenye mstari mmoja. Asilimia 12.5, hii ya nini? Huduma. Huduma gani, si tumeagiza wenyewe kwa simu? Nikamwambia ni hiari.

"Hiari maana yake unaweza kukataa?"

"Ndiyo."

"Basi kataa."

"Haikataliki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni hiari."

Binti ikabidi aingilie, akamweleza mjomba wake kwamba tangu Oktoba 2024 kuna sheria, bakshishi yote lazima iende kwa wafanyakazi, tajiri haruhusiwi kuidokoa. Shemeji hapo akalainika, akasema kama ni ya yule msichana basi halali yake, anatembea sana. Akatafakari kidogo, akauliza na madereva wa basi wanapewa asilimia ngapi? Hakuna aliyemjibu. Usiku alikula wali wa jana, kasimama jikoni, hajavua koti.

Mtaniuliza mara ya tatu nilifuata nini. Nilifuata pesa yangu. Siku ya akina baba binti kaninunulia kadi ya zawadi, pauni 20, ya mkahawa uleule. Nilimkumbatia, nikamwambia asante mwanangu, na ndani nalia. Ikakaa kwenye droo mpaka mama watoto alipoona tarehe, inakufa Ijumaa. Pauni 20 kufa kwenye droo langu? Alhamisi nilikuwa na zamu ya kugawanyika, mapumziko marefu mchana, nikaenda peke yangu saa tisa. Hakuna foleni. Nikakaa kaunta, koti chini yangu kama kawaida.

Stuli ya pembeni kulikuwa na mzee wa Kijapani, nadhifu, mwavuli kaukunja kama hati ya kiwanja. Mabakuli yetu yalifika pamoja. Nikachota yangu, nikanywa, nikashusha pumzi. Yeye akachota yake, akanywa, akakilaza kijiko taratibu kama anayemlaza mtoto. Akasema chini kwa chini, bila kunitazama:

"Imepoa."

Sikuamini masikio yangu. Nilitaka kumkumbatia. Akanieleza yeye wa Fukuoka, kwao duka la ramen lina mashine ya tiketi mlangoni, unatia hela, unabonyeza, unakaa, hakuna hadithi. Bakuli linakuja la moto usioweza kuushika. Tambi hazingoji mtu, zinalainika, ndiyo maana unazivuta kwa kelele, upepo uingie uzipoze, harufu ipande puani, dakika kumi umetoka, mwingine akae. Akishamaliza tambi na supu bado ipo, anaagiza tambi nyingine zitiwe humohumo. Na bei? Akasema kwao bakuli likikaribia yen 1,000, ambazo ni kama pauni tano, watu wanaanza kununa.

Nami nikamweleza ya kwetu. Alfajiri, sufuria limekesha na makongoro, makuli na madereva wamekaa kwenye benchi, bakuli la bati, ndimu, chapati ya moto, hakuna anayeongea mpaka nusu ya bakuli. Akatikisa kichwa, macho kayafumba. Akauliza, na tambi mnatia?

"Tambi tunazo," nikasema. "Ila tunazitia sukari."

Mzee akafumbua macho. Akanyamaza kitambo kirefu, akaitazama supu yake, kisha akaniwekea mkono begani kama mtu anayetoa rambirambi.

Tukala. Ni chakula, hakitupwi. Alizivuta tambi zake kwa sauti iliyoushinda ule muziki, wale vijana wa meza ya nyuma wakageuka, nami nikaona nisimwache mzee peke yake, nikavuta zangu. Mchuzi ukanirukia tai ya kazini. Na nitasema kweli, zinavutwa vizuri, magadi yamefanya kazi yake.

Msichana wa tabasamu akaja, akasimama katikati yetu, mikono nyuma. Kila kitu sawa?

Mzee akanitazama. Nikamtazama mzee. Nikaona kabisa kifua chake kikipanda, nikasema leo, leo mwenye chakula anasema mwenyewe.

"Nzuri sana," akasema mzee, akainamisha na kichwa.

"Nzuri sana," nikasema. "Asante."