Mfungaji wa benchi na bei yake: Harden, Brogdon na hesabu za mabosi

Tarehe 27 Oktoba 2012, siku chache kabla ya msimu wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kuanza, Oklahoma City Thunder walimtoa James Harden kwenda Houston Rockets. Alikuwa na miaka 23. Mei ya mwaka huohuo alitangazwa Mchezaji Bora wa Akiba wa ligi baada ya kufunga wastani wa pointi 16.8 kwa mechi, na Juni alicheza fainali dhidi ya Miami Heat. Timu changa, imetoka fainali, halafu inamwachia mtu wa aina hiyo. Mashabiki wengi wa kikapu hadi leo wanaiita biashara ile kosa la karne. Mimi naamini lilikuwa kosa, ila kwa sababu tofauti na ile inayotajwa sana, na naona waliomtetea meneja mkuu Sam Presti walikuwa na hoja nzito kuliko wanavyopewa haki.

Kwa aliyezoea usajili wa soka, jambo moja liwekwe sawa kwanza. NBA haina ada za uhamisho kama za soka. Mchezaji hubadilishwa kwa wachezaji wengine au kwa haki ya kuchagua vijana kwenye drafti, na isipokuwa wachache sana, wenyewe hawaulizwi. Mara nyingi kanuni za ligi hudai mishahara inayotoka na inayoingia ikaribiane. Kwa hiyo huwezi kumtathmini anayeondoka bila kumtazama anayekuja, mkataba wake, na mwaka ambao mkataba huo unakwisha.

Tuanze na upande wa mabosi. Pointi za mchezaji wa akiba zina mtego ndani yake. Mara nyingi anaingia mwishoni mwa robo ya kwanza, wakati timu pinzani nayo imepumzisha vigogo wake, kwa hiyo anafunga dhidi ya wakabaji wa daraja la pili. Msimu mzima wa mechi 82 unampa nafasi ya kujaza takwimu. Ikifika hatua ya mtoano, kocha anapunguza watu anaowatumia hadi wanane au tisa, vigogo wanacheza dakika 40, na yule mfungaji wa benchi anajikuta mbele ya mkabaji bora wa mpinzani. Kama ulinzi wake ni dhaifu, wapinzani wanamtafuta kwa makusudi kila wanaposhambulia. Meneja anayeangalia pointi 15 kwa mechi na kuishia hapo hajaifanya kazi yake.

Fainali za 2012 ziliwapa wenye hoja hii ushahidi. Harden alishuka hadi wastani wa pointi 12.4. Katika mechi ya tatu na ya nne, alipachika mitupo 2 kati ya 10 kila mechi, na Thunder wakapoteza fainali hizo kwa mechi 4 kwa 1.

Hoja ya pili ni fedha, na hapa ndipo penye uzito. Ligi ilikuwa imetoka kwenye mgomo wa wamiliki wa 2011, na mkataba mpya kati ya ligi na wachezaji ulibadilisha kodi ya anasa, yaani faini inayolipwa na timu ikivuka kiwango fulani cha mishahara. Zamani kila dola iliyovuka ililipiwa dola moja. Kuanzia msimu wa 2013-14, milioni 5 za kwanza zilitozwa dola 1.50 kwa kila dola, 5 zinazofuata 1.75, kisha 2.50, kisha 3.25, na timu inayorudia mwaka hadi mwaka ikaongezewa adhabu juu yake. Piga hesabu. Timu iliyovuka kwa dola milioni 15 ilikuwa ikilipa kodi ya milioni 15. Kwa utaratibu mpya inalipa milioni 28.75. Hizo si fedha za mishahara, ni adhabu tupu. Los Angeles au New York wanaweza kuzimeza kwa mapato ya televisheni. Oklahoma City ni mji mdogo ambao timu ilihamia kutoka Seattle mwaka 2008.

Tayari nyota wawili wa Thunder, Kevin Durant na Russell Westbrook, walikuwa na mikataba mikubwa. Agosti 2012 Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, akatia saini miaka 4 kwa dola milioni 48. Harden akapewa ofa iliyoripotiwa kuwa kama milioni 55 kwa miaka 4, huku kiwango cha juu kwake kikiwa karibu milioni 60. Akakataa. Kanuni ilimpa hadi 31 Oktoba kukubaliana, la sivyo angecheza msimu ule kwa mkataba wake wa ujana, yaani ule wa kwanza alioingia nao kwenye ligi, kisha timu nyingine zingekuwa huru kumletea ofa. Presti akaona ni afadhali auze sasa akiwa na mkono wa juu. Aliwapeleka Harden, Cole Aldrich, Daequan Cook na Lazar Hayward, akapokea Kevin Martin, kijana Jeremy Lamb, haki mbili za raundi ya kwanza ya drafti na moja ya raundi ya pili.

Watanzania tuna sababu yetu ya kuikumbuka biashara hii. Katika drafti ya 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Aliyefuata mara moja, wa tatu, alikuwa Harden. Miaka mitatu baadaye Thabeet, baada ya kupita Houston na Portland, akawa amejiunga na Thunder kiangazi kilekile cha 2012. Aldrich, ambaye naye alicheza chini ya kikapu, alipoondoka kwenye kifurushi cha Harden, dakika za akiba kwenye nafasi hiyo zikawa za Thabeet, na msimu huo akapata muda wa kuonekana uwanjani. Tuliokesha kumtazama tuliipata nafasi hiyo kwa sababu ya uamuzi ambao kwa Thunder wenyewe naona ulikuwa mbaya.

Kwa nini mbaya? Kwanza, Harden alikuwa mchezaji wa benchi kwa jina tu. Alicheza dakika zaidi ya 31 kwa mechi. Thabo Sefolosha ndiye aliyeanza, lakini mechi ikibana, Harden ndiye aliyekuwa uwanjani akiwa na mpira mkononi. Ichukue mechi ya tano ya fainali ya Kanda ya Magharibi, ugenini dhidi ya San Antonio, timu zikiwa zimeshinda mechi 2 kwa 2. Zimebaki sekunde kama 29, Thunder wanaongoza kwa pointi mbili, na saa ya shambulizi, yaani muda ambao timu inapaswa kutupa mpira, inaelekea kwisha. Durant na Westbrook wapo. Mpira upo kwa Harden, mbele yake Kawhi Leonard, mmoja wa wakabaji wakali wa kizazi chake, mkono umeinuliwa usoni. Harden anarudi nyuma kidogo, anatupa wa pointi tatu, unaingia. Inakuwa 106 kwa 101, na Thunder wanaondoka na ushindi wa 108 kwa 103. Ile hoja ya pointi rahisi dhidi ya daraja la pili haimhusu mtu wa namna hii. Mechi tano za fainali hazikutosha kufuta alichofanya kabla yake.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, hakukuwa na haraka. Kodi mpya ilikuwa ianze 2013-14. Mkataba mpya wa Harden nao ungeanza 2013-14. Kwa msimu wa 2012-13 angecheza kwa mshahara wa ujana, wakati Martin aliyekuja badala yake alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 12, zaidi ya mara mbili ya Harden. Yaani mwaka ule wa kwanza, ambao kikosi kilikuwa kimekamilika na kina kiu ya kulipiza fainali, Thunder hawakuokoa chochote cha maana. Wangeweza kucheza na Harden msimu mzima, kisha kiangazi wawe na haki ya kulingana na ofa yoyote. Walikuwa pia na nafasi ya mara moja, iliyotolewa kwa kila timu na mkataba wa 2011, ya kumwondoa mchezaji mmoja kwenye hesabu za kodi, na watu wengi walimtaja mchezaji wao Kendrick Perkins. Hawakuitumia kwake.

Mtetezi wa Presti atajibu kwamba kusubiri kungeshusha bei: wenzako wakijua umebanwa, hawakupi kitu. Ni kweli. Lakini bei nzuri ya baadaye hupimwa dhidi ya nafasi ya ubingwa ya sasa, na nafasi za ubingwa hazipangi foleni. Msimu wa 2012-13 Thunder walishinda mechi 60 na kuongoza Magharibi. Katika raundi ya kwanza, dhidi ya Houston ya Harden, Westbrook akaumia goti. Durant akabaki peke yake kama mtengenezaji wa mashambulizi, na Memphis wakawatoa 4 kwa 1 raundi iliyofuata. Hakuna aliyejua goti la Westbrook litapata shida, bila shaka. Ila ndiyo maana timu inayotaka kombe huweka mtu wa tatu anayeweza kubeba mzigo. Martin alifunga wastani wa pointi 14 mwaka ule kisha akaenda zake Minnesota. Harden alianza Houston kwa pointi 37 na asisti 12 dhidi ya Detroit, akamaliza msimu na wastani wa 25.9, na 2018 akawa Mchezaji Bora wa ligi nzima.

Sasa angalia Boston Celtics. Malcolm Brogdon alikuwa Mchezaji Bora wa Akiba wa 2022-23. Hakuanza mechi hata moja, alifunga wastani wa 14.9, na mitupo yake ya pointi tatu iliingia kwa asilimia 44.4. Tarehe 1 Oktoba 2023 Celtics wakampeleka Portland, pamoja na Robert Williams na haki mbili za raundi ya kwanza, wakamchukua Jrue Holiday. Juni iliyofuata walikuwa mabingwa, wakiifunga Dallas 4 kwa 1. Katika mechi ya pili ya fainali Holiday alifunga pointi 26 na kuchukua rebaundi 11.

Tofauti ya biashara hizi mbili ni nini, wakati karatasini wote wawili ni wafungaji wa benchi waliotunukiwa na ligi? Brogdon alikuwa na zaidi ya miaka 30, na mwili wake ulikuwa umeanza kumsumbua: alicheza mtoano wa 2023 na jeraha la kiwiko, na mpango wa kumpeleka timu ya Los Angeles Clippers kiangazi kile ulivunjika kwa wasiwasi wa afya yake. Akiwa Portland alicheza mechi 39 tu. Nyuma yake Boston walikuwa na Payton Pritchard, kijana aliyekosa dakika, ambaye 2025 naye alitwaa tuzo ileile ya mchezaji wa akiba. Na aliyekuja, Holiday, alikuwa mtu wa kumaliza mechi: mkabaji wa daraja la juu aliyekwisha kubeba kombe na Milwaukee 2021. Celtics walitoa mtu wa dakika 26 wakapata mtu wa dakika tano za mwisho. Thunder walifanya kinyume chake. Gharama ilikuwepo pia, kwa sababu Williams alikuwa mlinzi mzuri wa kikapu na haki mbili za drafti si kitu kidogo. Lakini walijua wanalipia nini.

Timu dhaifu ina hesabu yake tofauti kabisa. Februari 2017 Lou Williams ndiye aliyekuwa mfungaji mkuu wa Lakers, akitokea benchi kwenye timu iliyokuwa mkiani. Wakampeleka Houston kwa Corey Brewer na haki ya raundi ya kwanza. Kwenye drafti, timu zilizofanya vibaya ndizo zenye nafasi kubwa ya kuchagua mapema, na mwaka ule Lakers wangepoteza haki yao kwa Philadelphia kama isingeangukia nafasi tatu za kwanza. Kila mechi ambayo Williams angewashindia ingewasogeza mbali na nafasi hizo. Wakaangukia ya pili. Sipendi timu inapofaidika kwa kufungwa, na nadhani ligi ina wajibu wa kulizuia hilo, ila chini ya kanuni zilizokuwepo siwezi kusema walikosea.

Kuna utetezi mmoja wa Thunder uliopata nguvu hivi karibuni. Ibaka, aliyelipwa badala ya Harden, alibadilishwa 2016 wakapatikana Victor Oladipo na Domantas Sabonis. Hao wakaleta Paul George 2017. George akaleta Shai Gilgeous-Alexander na haki nyingi za drafti 2019, na mojawapo ikampata Jalen Williams. Shai na Williams wakaongoza Thunder kubeba ubingwa wa 2025, Presti akiwa bado meneja, na Harden hadi siku hiyo hakuwa na kombe. Ni mnyororo wa kweli, na kazi ya Presti katika kila pete yake inastahili heshima. Lakini ulihitaji Durant aondoke bure 2016, Westbrook auzwe 2019, na miaka 13 ipite. Hakuna aliyekaa mezani Oktoba 2012 akiwa na mpango huo. Waliokuwa mezani walikuwa na Durant wa miaka 24, Westbrook wa miaka 23 na Harden wa miaka 23, wote chini ya mkataba kwa msimu ule, na wakachagua kutoujaribu.