Mjomba na Bomba la Toilet Pepa

Hebu niambieni, ndugu zangu. Mtu mzima, mwenye kitambi chake cha halali, mweka hazina wa jumuiya ndogo ndogo, anafikaje kusimama pembeni ya stendi ya Moshi saa sita mchana, jua la Desemba linamchoma upara, mkononi kashika bomba la ndani ya toilet pepa na anajaribu kupitisha humo kichwa cha mdoli?

Anafikishwa na dada yake.

Dada yangu anaishi Dar. Watu wa Dar Desemba ikifika mnawajua, sina haja ya kueleza. Juzi kanitumia sauti ya WhatsApp ya dakika nne nzima: "Kaka, tunakuja tarehe 22. Sasa safari hii zawadi za watoto uzifikirie. Siyo unanunua tu."

Siyo unanunua tu! Mwaka jana yule mkubwa nilimpa filimbi. Filimbi safi, ya refa, na kamba yake ya shingoni. Sasa kama bibi yake alipandisha presha saa kumi na moja alfajiri, kosa ni la filimbi au la mapafu ya mtoto?

Mimi nimekulia Kibosho. Krismasi zawadi ilikuwa nguo, na ilinunuliwa kubwa kwa makusudi. Mwaka wa kwanza suruali unaikunja mara tatu, wa pili mara moja, wa tatu inakutosha, na siku hiyohiyo inayokutosha ndiyo siku ya kumwachia mdogo wako. Soda moja, ambayo hukuifungua, ulitoboa kizibo kwa msumari ukawa unainyonya mpaka jioni. Gari la kuchezea ulitengeneza mwenyewe kwa waya, matairi unakata kwenye ndala za baba, halafu baba naye anakutengeneza wewe. Hakuna aliyekaa chini akatufikiria.

Lakini nikasema sawa, nitafikiria. Hapo ndipo nilipokosea, nikamuuliza shemeji yangu, ambaye ni nesi.

"Shemeji," akaniambia kwa ile sauti yao ya kukuandaa kwa sindano, "mtoto wa miaka miwili kila kitu kwake ni chakula. Chukua bomba la ndani ya toilet pepa. Kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto. Usinunue." Akaendelea na vile vibetri bapa kama vifungo, kwamba mtoto akimeza kimoja kinaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Akaja kwenye sumaku ndogo ndogo. Akaja kwenye puto lililopasuka. Nilipoagana naye nilikuwa naogopa hata kumpa mtoto mkono.

Nikaingia chooni nikachomoa bomba. Roli yenyewe ilikuwa mpya, haijakatwa hata kipande. Hilo tuliache kwanza.

Basi nikafika kwa kijana mmoja wa midoli, kapanga meza yake vizuri, kila kitu kinawaka na kuimba Kichina. "Karibu mangi! Chagua, bei za sikukuu!" Nikachukua gari jekundu, nikatoa bomba langu mfukoni, nikaanza kazi. Sikutumia nguvu, naapa. Tairi likachomoka lenyewe, likapita kwenye bomba kama limetumwa, likadondoka, likabingirika hadi kwa mama wa ndizi.

"Mzee, umeniharibia gari!"

"Limechomoka lenyewe. Mtoto wako angekuwa ameshalimeza."

"Mimi sina mtoto."

"Ndiyo maana unauza hivi vitu."

Akanuna kidogo, lakini mfanyabiashara hanuni Desemba. Akanipa mdoli ndani ya boksi. Nikaligeuza boksi, nikakuta ile alama: duara jekundu, ndani uso wa mtoto kakunja sura, mstari umemkata, na namba 0-3. Nikamuuliza, kijana, hii ni nini?

Akaitazama kwa makini kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Halafu akajibu bila kumeza mate: "Hii, mzee wangu, ina maana mtoto wa sifuri mpaka miaka mitatu akipewa huyu mdoli, hanuni. Si unaona hapo kanuna? Wamemkata. Hakuna kununa tena."

Ndugu zangu, mimi nimesoma. Lakini kwa nusu dakika nzima nilimwamini.

Nilipopata fahamu nikamweleza kwamba ni kinyume chake, kwamba mtoto wa chini ya miaka mitatu hapaswi kupewa, kwa sababu ya vipande vidogo. Akacheka. "Mzee, hayo masharti ya Ulaya. Watoto wa huku wamekomaa." Hapo watu wameshaanza kusogea, mnavyojua mji wetu, ukiinama kufunga kamba ya kiatu unakuta kamati. Bodaboda mmoja akasema 0-3 ni matokeo, akataka kujua nani kafungwa. Mama wa ndizi, aliyekuja kurudisha tairi, akaomba bomba ajaribu. Ndizi ya kisukari ikapita. Akaenda kuleta mshare, nayo ikakwama katikati, watu wakapiga makofi. Kuna baba mmoja mwenye tai alitaka kupima funguo za gari lake. Bomba langu likawa linazunguka mkono kwa mkono kama kata ya mbege, na mimi mwenyewe nanyoosha shingo kulitafuta.

Yule kijana, nani kamfundisha sijui, akapanda juu ya kreti ya soda. "Vimepimwa! Vimepimwa na daktari! Njoo mama, midoli imepimwa, daktari huyu hapa!"

Daktari ndiyo mimi. Nikataka kukanusha, lakini mama mmoja alikuwa ameshanisalimia kwa heshima zote na kuniuliza kuhusu kikohozi cha mwanae. Mbele ya macho yangu wakanunua midoli mitatu na lile gari jekundu, lina matairi matatu, elfu nane, hakuna aliyeomba kupunguziwa.

Nikaondoka. Bomba nikamwachia. Nifanyeje?

Njiani ndiyo nikafikiria sasa, si niliambiwa nifikirie? Nikafikiria mbuzi, ambaye bei yake inapanda kila basi moja kutoka Dar linaposhusha watu, kana kwamba mbuzi naye kapata taarifa. Nikafikiria Januari. Ada, sare, kauntabuku za kwaya tatu, rimu ya karatasi, na fagio. Kila mwaka fagio! Yale ya mwaka jana yamekwenda wapi, yameliwa? Huyu mtoto wangu mwenyewe ninayemlalia macho usiku nahesabu, yeye nani kamfikiria? Na hao wajomba wa Dar wenye magari yao, mbona hawatumiwi sauti ya dakika nne? Anatumiwa mimi, kwa sababu mimi "uko hapohapo".

Nikaingia duka la vyombo, siyo la midoli, la vyombo. Nikamnunulia mdogo vibakuli vitano vya plastiki, kimoja kinaingia ndani ya kingine, hata kile kidogo kabisa hakiwezi kupita kwenye bomba lolote. Wa kati penseli za rangi na daftari lisilo na mistari. Mkubwa mpira. Mpira haulii alfajiri. Mfuko nao unauzwa, tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 kila kitu unakibeba kama ulivyozaliwa, na mimi kwa shilingi 500 nilishaona bora nikumbatie.

Noah ya Kibosho ilikuwa imejaa kabla haijajaa. Siti ya watatu tumekaa wanne na kuku. Tumefika mteremko wa kwanza tu simu ikalia, mkono umebanwa, nikapokea kwa kidole gumba na spika ikafunguka yenyewe.

"Baba Junia! Hii toilet pepa mpya umeifanya nini? Imelegea yote, na bomba halimo! Umelipeleka wapi bomba?"

Gari zima kimya. Hata kuku. Nikasema nipo kwenye gari, mama, nitakupigia. "Unalitumia kufanyia nini huko mjini?" Nikakata.

Konda akaona ndiyo muda wa kukusanya nauli. Akanifikia, akanitazama tumboni, akatikisa kichwa.

"Mangi, hapa pamebana. Weka huo mpira chini."

Nilikuwa nimeshauweka chini.