Mkanda wa kupimia nao utazamwe
Makala kuhusu kutabiri mshuko wa shinikizo la damu kwa wajawazito wanene wanaochomwa ganzi ya uti wa mgongo ili wajifungue kwa upasuaji yanaeleza vyema kwamba ganzi hiyo hulegeza mishipa ya damu, huku mji wa mimba ukiukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni mama anapolala chali, na ndiyo maana shinikizo la damu hushuka ghafla. Hata hivyo, kabla ya kusifu vipimo vya kutabiri hali hiyo kwa wajawazito wanene, ingefaa kuuliza shinikizo lenyewe linapimwaje, kwa kuwa mkanda mdogo wa kupimia shinikizo ukifungwa kwenye mkono mnene huonyesha kiwango cha juu kuliko kilivyo, na mshuko huweza kufichika. Ultrasaundi nayo, ikitumiwa katika utabiri huo, (jambo ambalo halikutajwa) huona kwa shida kupitia mafuta mengi ya tumbo. Kwa maoni yangu, utabiri wowote usicheleweshe fenilefrini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu, ambayo inaweza kuanza kutolewa mara tu ganzi inapochomwa.