Kile Kiwiko ni Changu

Picha imeingia kwenye simu asubuhi hii. Nimeingoja siku nne. Ilipofunguka nikaikuza kwa vidole mpaka mheshimiwa akabaki pua na miwani. Mimi simo. Nikapanda, nikashuka, nikaenda pembeni. Upande wa kushoto, kati ya mlinzi na pazia, kuna kiwiko. Kiwiko hicho ni changu. Nimekitambua kwa tundu la shati.

Msinicheke. Mama ameshauliza mara tatu kama picha imefika. Namwambiaje? "Mama, tazama pale pazia linapoishia"? Labda atakitambua, si yeye ndiye aliyekizaa.

Mheshimiwa huyu nampenda tangu sina ndevu. Wenzangu walikuwa wanaigiza wachezaji wa mpira, mimi nasimama mbele ya kioo na kitana mkononi, nahutubia. Nilijua anapokohoa. Nilijua anaponyamaza ili watu wapige makofi, nami nilinyamaza papo hapo, kioo nacho kikakaa kimya. Nilipoanza kulielewa gitaa, wimbo wangu wa kwanza uliosimama kwa miguu yake ulikuwa wa kumsifu yeye. Jina lake limo kwenye kibwagizo mara nane.

Basi bendi yetu ikaitwa kutumbuiza kwenye mkutano wake. Nikisema bendi yetu ni mimi na gitaa, maana mpiga ngoma alipata dharura, na mpiga besi ndiye dharura yenyewe. Nikaandaa sentensi tatu za kumwambia, nikazikariri bafuni wiki nzima.

Malipo? Mliowahi kuimba mnajua. "Utapata jina." Jina ninalo tangu nizaliwe! Mwenye nyumba analijua vizuri sana, hulitaja kila mwisho wa mwezi, tena hahitaji maiki.

Muda wangu ulianza ukiwa nyimbo tatu. Nilipofika mlangoni ukawa wimbo mmoja. Nilipoketi ukawa ubeti na kibwagizo. Nilibana mkojo, maana ningetoka tu ningerudi nikute nimeachiwa kikohozi.

Ukaja ukaguzi. Mlinzi mwenye mabega kama kabati akalitazama gitaa langu kana kwamba limemkosea adabu.

"Humu ndani mna nini?"

"Hewa, afande."

Sikumtania. Kwenye gitaa la namna ile hewa ndiyo inayokuza sauti. Bila lile tumbo na lile tundu, nyuzi zingenong'ona tu. Nikawa nataka kumweleza hivyo, yeye akalitikisa. Likalia: kacha, kacha.

Wapiga gitaa wenzangu mmeshaelewa. Ni kile kidude cha plastiki cha kukwanyulia nyuzi. Kuingia tunduni kinaingia chenyewe, kutoka kinataka maombi.

"Hewa gani inalia kacha kacha?" Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Mkubwa akaamuru nilipindue.

Nikalinyanyua juu ya kichwa, tundu likitazama chini, nikaanza kulitikisa huku nimekodoa macho kulichungulia. Kikaanguka kidude kimoja. Bado kacha. Kikaanguka cha pili, kile nilichomsingizia mpiga besi mwaka mzima kwamba amekiiba. (Ndugu yangu, nisamehe, ingawa kwa mengine ulistahili.) Kisha ikaanguka karatasi iliyokunjwa. Mkubwa akaiokota, akaisoma kimya, akampa mwenzake naye akaisoma, wakanirudishia kwa heshima kama watu waliotoka msibani. Ilikuwa barua ya mapenzi niliyokosa ujasiri wa kuituma. Kwa nyuso zile, nadhani niliokoka.

Hapa niacheni ninung'unike. Elvis Presley alikwenda Ikulu ya Marekani tarehe 21 Desemba 1970 na bastola, zawadi ya kumpa Rais Nixon. Bastola! Walinzi wakaizuia, yeye wakampitisha, na akatoka na beji ya kupambana na dawa za kulevya. Mimi nimekuja na mbao na nyuzi sita, napekuliwa mpaka moyo.

Na mheshimiwa akaingia wakati huohuo. Gitaa liko juu ya kichwa, mikono yote miwili iko hewani kama mwizi aliyezingirwa. Kwanza yakaingia manukato, kisha wapambe, kisha yeye. Ni mfupi kuliko sauti yake. Nikazitafuta sentensi zangu tatu, zote zimebaki bafuni. Akasimama mbele yangu, akanitazama machoni.

"Kijana, wewe ndiye fundi wa spika?"

Mozart alikuwa na miaka sita tu alipopelekwa mbele ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, mwaka 1762, na inasemekana alimrukia mapajani. Mimi mtu mzima, niliyehutubia kioo miaka yote ile, nikajibu:

"Ndiyo, mheshimiwa."

Kwa nini? Siku ya nne leo najiuliza. Unayemheshimu akikuuliza swali, ulimi hutoa kwanza jibu la kumpendeza, ukweli unafuata nyuma na bakora.

"Ile maiki inapiga mluzi. Itazame." Akanigusa bega. Bega la kulia, lile lenye kiwiko.

Nikaenda kuitazama, ningefanyaje? Walikuwa wameielekeza kwenye spika: sauti inatoka, inarudi kwenye maiki, inatoka tena imenenepa, mpaka inakuwa yowe. Nikaisogeza nyuma ya spika, nikapunguza sauti kidogo, mluzi ukafa. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Makofi yangu ya kwanza ya ukumbi uliojaa nimeyapata kwa kunyamazisha.

Bob Marley, Kingston, mwaka 1978, aliwapandisha jukwaani mahasimu wawili wa siasa za Jamaika, Michael Manley na Edward Seaga, akawashikanisha mikono. Mimi nimeshikanisha waya mbili.

Mpambe mmoja akaniambia, "Fundi, usiondoke hapo." Mshereheshaji alipoita jina langu la kisanii, mpambe yuleyule akasema msanii hajafika. Hajafika! Nimesimama pale, waya mkononi, gitaa mgongoni! Samahani, napandisha. Lakini hivi jamani, tunaimba tangu asubuhi viti vikiwa vitupu, tunaimba mpaka watu wanajaa, mkubwa akitokeza tu mtu anakuja kukukata shingo kwa kidole: zima, zima. Sisi ni kengele. Ibada ikianza, nani anaikumbuka?

Ndiyo maana wanamuziki wengine wanaingia siasani wenyewe. Gilberto Gil akawa waziri wa utamaduni Brazil mwaka 2003, Youssou N'Dour akapewa uwaziri Senegal mwaka 2012, Bobi Wine akaingia bungeni Uganda mwaka 2017. Zamani nilidhani wana wito. Siku hizi nashuku walichoka kukaguliwa magitaa.

Jana usiku nilijaribu kulifuta jina la mheshimiwa kwenye wimbo. Beethoven aliposikia mwaka 1804 kwamba Napoleon Bonaparte amejifanya kaizari, alilikwangua jina la Bonaparte kwenye simfoni mpaka karatasi ikatoboka. Sawa, lakini simfoni ile haina vina! Mimi nikilitoa, beti zote nne zinalala chali. Na kusema kweli mzee wa watu hakunikosea. Alinigusa bega.

Nimeandika hadi hapa simu ikaita. Ofisi yake. "Fundi, wiki ijayo tuna mkutano mwingine." Nikavuta pumzi nimweleze kwamba mimi ni msanii, nina wimbo, jina la mheshimiwa limo mara nane. Akasema fundi hulipwa nusu kabla ya kazi.

Nikamuuliza spika ni ngapi.

Sasa nataka kufanya mazoezi kidogo na kidude kimeanguka tena tunduni. Kacha. Nimelipindua, nimepiga magoti, nalitikisa, na jirani ameanza kugonga ukuta.